Pleya ya Kompyuta Iliyokataa Kurudi Mahali Pake

Katika nyumba nyingi za askari na polisi, kuanzia mlima wa Wanyange unaolitazama ziwa kandokando ya Jinja hadi mitaa ya Mbale iliyo chini ya mlima wa Wanale, kompyuta imeacha siku nyingi kuwa chombo cha ofisini. Siku hizi ndiyo gramafoni, ndiyo albamu ya picha, na aghalabu ndiyo kabati ambamo sauti za watu wa ukoo zimehifadhiwa. Kwa hiyo, pleya ya ndani ya kompyuta, yaani ile programu inayokuja pamoja na mashine kwa ajili ya kucheza nyimbo na video, inapokataa kufanya kazi, watu wa nyumbani huona kana kwamba kabati limefungwa na ufunguo umepotea.

Taabu inayozungumzwa juma hili ni ya pleya iitwayo Windows Media Player. Imeanza kukwama, kijana wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, ameiondoa akitumaini kuiweka upya, naye anapotaka kuirudisha, mashine inakataa. Pengine orodha ya programu hutokea tupu, pengine mashine huzunguka nusu saa bila kutoa jibu, na pengine husema kwamba imeshindwa kukamilisha mabadiliko yaliyoombwa. Hapo fundi huitwa, na hapo ndipo hasara kubwa huweza kuingia nyumbani.

Chukua nyumba ya mama mmoja ambaye mumewe, sajini, yuko kazini mbali. Katika kompyuta yao imo video ya baba mkwe, polisi mstaafu ambaye sasa ni marehemu, akitaja mipaka ya shamba la ukoo: mti gani, jiwe gani, na mfereji upi wa maji. Mzee alirekodiwa na mjukuu wake kwa simu, kisha video ikahamishiwa kwenye mashine, na simu yenyewe ikaharibika. Fundi anafika, anaitazama mashine kwa dakika chache, anatikisa kichwa.

"Mama, mashine hii imechoka. Dawa yake ni kuifomati, niweke Windows mpya. Kazi ya saa mbili tu."

"Na yale maneno ya mzee yaliyomo humo, mwanangu?"

"Hayo sijui, Mama. Afande aliweka nakala mahali?"

Fundi huyo si mwizi wala si mvivu. Kufomati ni njia fupi, humpa kazi yenye mwisho unaoonekana, na mashine hurudi ikiwa nyepesi kama mpya. Lakini kufomati ni kuifuta diski. Ni kuchoma ghala ili kumfukuza panya mmoja. Jambo ambalo mama huyo hana budi kulijua, na ambalo fundi wengi hawajali kumweleza mwenye mali, ni kwamba video ya mzee haimo ndani ya pleya hata kidogo. Pleya ni gramafoni. Video ni sahani ya santuri. Gramafoni ikiharibika, sahani ingali rafuni mwake. Vivyo hivyo, kuiondoa Windows Media Player hakufuti wimbo hata mmoja, wala hakugusi video yoyote. Vyote hubaki katika folda zake.

Basi kazi ya kwanza, kabla ya kumgusia fundi habari ya pleya, ni kuzitoa sahani hizo ndani ya nyumba yenye moto. Folda za muziki, video na picha hufunguka bila pleya, na faili zake huweza kunakiliwa kwenye flashi au diski ya nje. Ni vema pia kutazama juu ya kioo cha mwanzo na katika folda ya vitu vilivyopakuliwa, kwa sababu watoto huweka vitu vya thamani mahali popote. Nakala ikishapatikana, ichezwe kwenye mashine ya jirani au kwenye televisheni yenye tundu la flashi, tangu mwanzo hadi mwisho. Nakala isiyojaribiwa bado haijawa nakala.

Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba pleya ni mgonjwa kweli. Katika folda ya Windows iliyo kwenye diski C mna folda ndogo iitwayo Media, yenye sauti fupifupi zilizokuja na mashine: kengele, milio ya onyo na kadhalika. Sauti hizo ni nzima na ni za aina ambayo pleya huifahamu. Zikifunguliwa kwa pleya zikalia, basi pleya haina kosa, na kasoro imo ndani ya ile faili iliyokataa. Zisipolia, na spika zimekwisha kuangaliwa, hapo lawama huweza kuelekezwa kwenye pleya.

Wengi wameiondoa pleya yao kwa kuihukumu bila hatia kwa sababu ya diski za DVD. Nyumba nyingi za Busoga zina DVD ya sherehe ya kumtambulisha mchumba, na nyumba nyingi za Mbale zina DVD ya imbalu, tohara ya Wagisu, ambayo hufunguliwa katika uwanja wa Mutoto miaka ya namba shufwa kama 2022 na 2024. Diski hizo zilichezwa vizuri katika kompyuta yenye Windows 7. Mwenyewe akanunua mashine yenye Windows 8 au Windows 10, akaitia diski ileile, pleya ikakataa. Akaiondoa, akairudisha, ikakataa tena. Ukweli ni kwamba tangu Windows 8 ilipotolewa mwaka 2012, kampuni ya Microsoft iliondoa katika Windows Media Player uwezo wa kucheza filamu za DVD. Hakuna kuondoa wala kurudisha kutakakoleta kitu ambacho hakimo.

Iko pia pleya inayofunguka lakini orodha yake ya nyimbo imevurugika, majina yanajirudia au hayatokei. Hiyo nayo haihitaji kuondolewa. Orodha hiyo ni daftari tu, nayo hukaa katika folda ambayo hufikiwa kwa kubonyeza kitufe chenye alama ya dirisha pamoja na herufi R, kisha kuandika %LOCALAPPDATA%\Microsoft\Media Player. Pleya ikifungwa, vilivyomo katika folda hiyo vikafutwa, daftari jipya huandikwa pleya inapofunguliwa tena. Ikiwa mashine itasema kwamba faili inatumika, izimwe kwanza huduma iitwayo Windows Media Player Network Sharing Service, ambayo kazi yake ni kugawa nyimbo kwa mashine nyingine za nyumbani. Ni nyumba chache mno zinazoihitaji.

Sasa juu ya pleya iliyoondolewa na kukataa kurudi. Zamani, katika siku za Windows XP, pleya ilipakuliwa kama programu nyingine yoyote. Toleo la 11 lilitoka mwaka 2006 na watu walilibeba kwenye CD kutoka nyumba hadi nyumba. Mazoea hayo yamebaki. Lakini toleo la 12, lililokuja na Windows 7 mwaka 2009, halikupata kutolewa peke yake. Limefumwa ndani ya mfumo wenyewe kama uzi ndani ya kitambaa. Ndiyo sababu anayelitia toleo la 11 katika mashine ya leo hukataliwa, na ndiyo sababu pia kila anayetangaza kwamba anatoa toleo la 12 la kupakua bure hafai kuaminiwa. Kitu anachokitoa si pleya ya Microsoft, na mara nyingi kimebeba virusi tumboni.

Kwa kuwa pleya imo ndani ya mfumo, kuiondoa ni kuizima tu, na kuirudisha ni kuiwasha. Bonyeza kitufe cha dirisha na R, andika optionalfeatures, kisha Enter. Litatokea dirisha lenye kichwa Turn Windows features on or off. Humo litafutwe fungu liitwalo Media Features, lifunguliwe, na ndani yake itaonekana Windows Media Player. Katika Windows 11 jina lake lina neno Legacy mwishoni, kwa kuwa tangu mwaka 2022 Microsoft imekuwa ikileta pleya nyingine mpya iitwayo Media Player, na hizo mbili zisichanganywe. Alama ya vema iondolewe, mashine izimwe na kuwashwa. Kisha alama irudishwe, na mashine izimwe na kuwashwa tena. Kule kuzima na kuwasha mara mbili si adabu ya bure. Mabadiliko ya mfumo hukamilishwa wakati mashine inapoamka, na anayeruka hatua hiyo huacha kazi nusu.

Na nusu-nusu ndiyo chanzo cha taabu nyingi katika mashine za huku. Wakaao Wanyange wana bwawa la Nalubaale karibu, lile lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, na wanajua kwamba kuishi karibu na bwawa si dhamana ya taa kuwaka. Umeme ukikatika wakati Windows inajisahihisha, ghala la vipande vyake hubaki limevurugika: kipande kimoja kipya, kingine cha zamani, cha tatu kimeandikwa nusu. Mashine huendelea kufanya kazi kwa miezi bila mtu kugundua. Siku pleya inapoombwa irudi, mfumo huenda ghalani kuchukua vipande vyake, ukavikuta vibovu, ukakataa. Mtu husema pleya imegoma, kumbe ni bohari iliyoharibika na mtunza bohari amekataa kutoa kitu kibovu. Askari aliyewahi kufanya kazi ya stoo ataelewa upesi.

Ikiwa orodha ya lile dirisha ni tupu kabisa, huenda mtunza bohari mwenyewe amefungiwa nje. Huduma yake huitwa Windows Modules Installer. Wako vijana ambao huzizima huduma nyingi kwa pamoja ili mashine iende kasi, na hiyo huwa mojawapo. Hupatikana kwa kuandika services.msc katika kile kisanduku cha dirisha na R. Ikionekana Disabled, igeuzwe kuwa Manual, mashine izimwe na kuwashwa. Yafaa pia kuangalia kama Windows inangoja kumaliza marekebisho yaliyoshushwa zamani, kwa maana wakati inangoja haikubali maombi mapya.

Ghala lenyewe hutengenezwa kwa amri mbili. Kisanduku cheusi cha amri, kiitwacho Command Prompt, kifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi, yaani kwa kubonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua Run as administrator. Katika Windows 8 na zilizofuata, amri ya kwanza ni DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Hii huleta vipande vizima kutoka kwa Microsoft kupitia intaneti, kwa hiyo bando liwe la kutosha. Data ikiisha katikati, amri hushindwa kukamilika. Ikimalizika, amri ya pili ni sfc /scannow, ambayo hukagua faili za mfumo moja moja na kuziba palipotoboka kwa vipande vya ghala lililokwisha kutengenezwa. Ndiyo maana hutangulia ile na kufuata hii. Anayeanza na ya pili hujaribu kuziba paa kwa mabati yenye kutu. Kazi hii huweza kuchukua saa nzima, nayo yafaa ifanywe kwa kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, au wakati ambapo umeme umetulia. Kisha ndipo pleya iwashwe tena kwa njia iliyotajwa.

Kuna hali moja ambayo amri hizo zote hazifui dafu, nayo chanzo chake kiko mbali sana na Jinja. Tarehe 24 Machi 2004, Tume ya Ulaya iliamua kwamba Microsoft imetumia vibaya nguvu zake sokoni kwa kuifunga pleya yake ndani ya Windows, hata wenye pleya nyingine wakakosa nafasi ya kushindana. Kampuni ilitozwa faini ya Euro milioni 497 na kuamriwa kutoa Windows isiyo na pleya. Ilikata rufaa, na mahakama iliyoko Luxembourg ikaikataa rufaa hiyo katika jambo la pleya tarehe 17 Septemba 2007. Korea Kusini nayo ilitoa amri ya namna hiyo Desemba 2005. Tangu hapo zipo Windows zenye herufi N mwishoni mwa jina, na kwa Korea herufi KN, ambazo pleya haimo.

Wazungu waliamua mambo yao, na ni watu wachache sana hata huko Ulaya waliozitaka Windows hizo. Lakini herufi ile ilisafiri. Imo katika kompyuta zilizotumika zinazouzwa baada ya kutoka huko, na imo pia katika diski ambazo mafundi huzitumia kuweka Windows. Diski moja huonyesha orodha ndefu ya majina yanayofanana, Windows 10 Pro na Windows 10 Pro N yakiwa yamepangwa karibu karibu. Fundi mwenye haraka huchagua la pili bila kujua maana yake. Mwenye mashine hiyo aweza kutafuta pleya mwaka mzima asiipate, na kufomati kwa diski ileile na kuchagua jina lilelile kutamrudisha palepale. Dawa ni kuangalia kwanza: katika Settings, sehemu ya System, chini kabisa kwenye About, jina kamili la Windows limeandikwa. Ikiwapo N, kinachotakiwa ni kifurushi kiitwacho Media Feature Pack, ambacho Microsoft hukitoa bila malipo. Katika Windows 10 za toleo la karibuni na katika Windows 11 huongezwa kupitia Optional features ndani ya Settings. Katika zile za zamani hupakuliwa, na hapana budi kilingane na toleo la mashine, la sivyo kitakataliwa.

Wapo wanaouliza kama pleya imekufa kwa sababu Microsoft imeacha kuzihudumia Windows za zamani. Ni kweli kwamba Windows 7 ilikoma kupata marekebisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Lakini pleya haikuzimwa siku hizo. Hatari iliyopo ni ya usalama wa mashine ikiwa kwenye intaneti. Nyimbo zitalia kama zilivyolia jana.

Mtu akichoka na shughuli yote hii hana sababu ya kuona haya. Iko VLC, pleya iliyozaliwa mwaka 1996 katika mradi wa wanafunzi wa chuo cha uhandisi cha École Centrale Paris, Ufaransa, na ambayo tangu mwaka 2001 hutolewa bure kwa leseni inayomruhusu kila mtu kuitumia na kuigawa. Ubora wake kwa nyumba ya askari ni huu: hubeba vifaa vyake vyote vya kusomea faili, wala haikopi chochote kutoka ghala la Windows. Kwa hiyo hucheza hata kama ghala limevurugika, hucheza hata kwenye Windows zenye N, na ile DVD ya imbalu nayo huicheza. Ipakuliwe kutoka kwa wenyewe, VideoLAN, si kwa wachuuzi wa njiani. Yule mama wa Wanyange angeweza kuiona video ya mzee siku hiyohiyo kwa njia hii, na suala la pleya ya Windows likangoja hadi sajini arudi likizo. Kinachofaa kuepukwa ni ile mizigo ya programu ndogondogo iitwayo pakiti za kodeki, ambayo huahidi kuifanya pleya icheze kila kitu. Hiyo mara nyingi ndiyo iliyoivuruga pleya hapo mwanzo.

Ikiwa baada ya hayo yote mfumo wenyewe umeoza na kufomati ni lazima, basi fundi na mwenye mashine wakubaliane mbele ya shahidi: faili zipi zimenakiliwa, ziko kwenye diski ipi, na kwamba diski hiyo haitachomekwa kwenye mashine wakati kazi inaendelea. Diski ya nje iliyoachwa imechomekwa hutokea katika orodha ileile na diski ya ndani, na mkono ulioteleza huweza kufuta isiyopaswa kufutwa. Fundi mwema hatakasirika kwa masharti hayo.

Kisha liko suala la uhamisho, ambao askari hupewa wakati wowote. Anayetoka Jinja kwenda Mbale hupakia kompyuta ya mezani kwenye lori pamoja na vitanda na masufuria, na njia nzima mashine hutikisika. Diski ya ndani iliyozoea kukaa mezani haipendi safari ya namna hiyo, hasa ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka. Nakala isipande lori hilo. Diski ya nje ibebwe mkononi, imezungushiwa nguo, na flashi ya pili iachwe kwa ndugu anayebaki Wanyange, ikiwa imefungwa ndani ya bahasha iliyoandikwa jina la msemaji, tarehe aliporekodiwa, na neno moja la kueleza anazungumzia nini.